Kuku Wanane na Yai Moja: Uchambuzi wa Kundi Lililofika Mwaka wa Nne

Familia moja ilianza ufugaji kwa vifaranga tisa vya kike vilivyoanguliwa ndani ya wiki moja: vinne vya chotara wa mayai wenye manyoya ya kahawia, na vitano vya kienyeji. Miaka mitatu na miezi minane baadaye, chotara mmoja alikuwa amekufa na wanane walikuwa hai. Katika mwaka wa kwanza familia hiyo ilikuwa ikiokota mayai manne au matano kwa siku. Sasa ilikuwa ikipata yai moja, na siku nyingine haikupata hata hilo, na hali hiyo ilikuwa imedumu kwa wiki tano. Mama mwenye kuku alikuwa na maelezo mawili. La kwanza ni kwamba chakula kilikuwa kibovu, kwa kuwa mabadiliko yalianza karibu na wakati gunia jipya lilipofunguliwa. La pili, ambalo majirani walilisisitiza zaidi, ni kwamba kuku wote walikuwa wamemaliza mayai yao, na kilichobaki ni kuchinja kundi zima na kuleta jipya.

Kisa hiki nimekipanga kama mfano, kutokana na mambo yanayojirudia katika mabanda ya nyumbani. Kinafaa kuchambuliwa kwa kina kwa sababu maelezo yote mawili yalikuwa na ukweli ndani yake, na hata hivyo hatua ambayo yangezaa, yaani kuchinja kuku wote wanane, ingekuwa kosa kubwa.

Hesabu ya mwaka wa nne

Jambo la kwanza la kurekebisha lilikuwa kipimo. Mama huyo alikuwa akilinganisha yai moja la leo na mayai manne au matano ya mwaka wa kwanza, ilhali hakuna kuku anayetaga katika mwaka wa nne kama alivyotaga katika wa kwanza. Chotara wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 22, naye akilishwa vizuri hutoa mayai yanayokaribia 300 katika mwaka wake wa kwanza wa utagaji. Kuku wa kienyeji huchelewa zaidi, mara nyingi hadi mwezi wa sita au wa saba, na idadi yake hutegemea sana matunzo: akiachwa ajitafutie na kuatamia kila anapotaka, mayai 40 hadi 60 kwa mwaka ni kiasi cha kawaida, akipewa chakula cha kutosha na mayai yakiokotwa kila siku, anaweza kufika 100 au kuyapita. Kila mwaka unaofuata, baada ya kuku kunyonyoka manyoya na kuyaotesha upya, idadi hushuka. Kanuni ya makadirio ambayo wafugaji wengi huitumia ni kwamba mwaka wa pili huleta takriban asilimia 80 ya mwaka wa kwanza, wa tatu theluthi mbili hivi, na wa nne karibu nusu. Kuku mmoja mmoja anaweza kutofautiana sana na makadirio hayo, lakini kwa kundi yanatosha.

Tukiyatumia hapa, chotara wanne wa mwaka wa kwanza walikuwa wakitoa mayai zaidi kidogo ya matatu kwa siku, na kienyeji watano yai moja na nusu hivi. Jumla yake ni ile manne au matano ambayo familia iliizoea. Katika mwaka wa nne, chotara watatu waliobaki wakitoa nusu ya kiwango chao cha awali wangeleta yai moja na kidogo kwa siku, na kienyeji watano wangeongeza karibu yai moja. Kwa umri wao peke yake, kundi hili lilipaswa kutoa mayai mawili kwa siku. Kushuka kutoka matano hadi mawili ni kazi ya miaka, wala hakuna chakula wala dawa inayoweza kuirudisha idadi ya awali. Kilichohitaji kutafutiwa sababu ni kushuka kutoka mawili hadi chini ya moja, ndani ya wiki tano. Mfugaji asiyeyatenganisha mambo haya mawili atahangaika kuutibu uzee, au atauhukumu uzee kwa jambo ambalo lingerekebishwa kwa siku chache.

Kwa nini utagaji hupungua

Dhana kwamba kuku humaliza mayai yake imeenea sana, na inafaa isahihishwe. Jike huanguliwa akiwa na maelfu ya chembe za mayai katika ovari yake ya kushoto, ambayo kwa kawaida ndiyo pekee inayokua na kufanya kazi. Katika maisha yake yote atatumia mia kadhaa tu kati ya hizo, hivyo hata kuku mkongwe hufa akiwa na akiba tele ndani yake. Kinachopungua ni kasi ya kuivisha viini na uwezo wa mwili kuvigeuza kuwa mayai kamili.

Kiini huchukua siku 7 hadi 10 kukua haraka kabla ya kuachiliwa. Kikishaingia katika mrija wa mayai huvikwa ute kwa saa chache, kisha yai hukaa takriban saa 20 katika sehemu inayojenga gamba. Safari nzima huchukua saa 24 hadi 26, na kiini kinachofuata huachiliwa karibu nusu saa baada ya yai kutagwa. Ndiyo maana kuku hutaga akichelewa kidogo kila siku, na hatimaye huruka siku moja na kuanza mfululizo mpya. Kuku kijana ana mifululizo mirefu na siku chache za mapumziko. Kadiri anavyozeeka mifululizo hufupika, mapumziko huongezeka, na yai lenyewe huwa kubwa zaidi. Hapo ndipo tatizo la gamba huingia: kiasi cha kalsiamu anachoweka kwa kila yai, karibu gramu 2, hakiongezeki kulingana na ukubwa wa yai, kwa hiyo gamba hutandazwa juu ya eneo pana zaidi na kuwa jembamba. Sehemu ya kalsiamu hiyo hutoka moja kwa moja kwenye mifupa, hasa usiku wakati tumbo halina chakula, na mifupa hudhoofu isiporudishiwa.

Inafaa pia kukumbuka kwamba babu wa kuku hawa, kuku mwekundu wa misitu ya Asia, hutaga mayai kama 10 hadi 15 tu kwa mwaka, kwa ajili ya kuyaatamia. Chotara wa mayai amechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili afanye karibu kila siku kazi ambayo mwili wa babu yake uliifanya kwa msimu, na hulipa kwa viungo vya uzazi. Kuvimba kwa mrija wa mayai, kiini kuangukia tumboni na kuleta uambukizo, yai kukwama, na uvimbe wa saratani katika ovari ni magonjwa yanayoongezeka sana baada ya mwaka wa pili; kuku hupata saratani ya ovari yenyewe kwa wingi kiasi kwamba watafiti humtumia kuchunguza ugonjwa huo kwa binadamu. Chotara aliyekufa katika kundi hili alikuwa amevimba tumbo na kusimama wima isivyo kawaida kwa wiki kadhaa. Hakupasuliwa, kwa hiyo sababu haijathibitika, ila dalili hizo zinaelekeza huko.

Uchunguzi wa kuku mmoja mmoja

Daftari la mama huyo lilikuwa zuri kwa jambo moja na bovu kwa jingine. Lilionyesha jumla ya mayai kwa kila siku tangu yai la kwanza, lakini halikuonyesha ni nani aliyetaga. Jumla haiwezi kumtambua kuku aliyekoma. Kwa hiyo kila kuku alishikwa usiku akiwa juu ya kijiti chake, wakati ambapo hutulia, akakaguliwa kichwa, tumbo, nyonga, njia ya kutagia na miguu, kisha kesho yake wakatazamwa mchana kutwa.

Ishara zenyewe si ngumu kujifunza. Kuku anayetaga ana upanga wa kichwani mwekundu, uliojaa na wenye joto. Njia ya kutagia ni pana, laini na yenye unyevu. Na ncha mbili za mifupa ya nyonga zimeachana kiasi cha vidole viwili au vitatu. Aliyekoma ana upanga uliosinyaa na kupauka, njia kavu iliyojifunga, na mifupa ambayo haipitishi zaidi ya kidole kimoja. Kwa kuku wenye ngozi ya njano kuna ushahidi mwingine ninaouthamini kuliko yote, kwa sababu unaeleza muda. Rangi ya njano inayoingia mwilini kwa chakula huelekezwa kwenye viini wakati wa utagaji, na mwili hupauka kwa mpangilio: kwanza njia ya kutagia, kisha ukingo wa jicho, mdomo, na mwisho miguu, ambayo huchukua miezi kadhaa. Utagaji ukikoma, njano hurudi kwa mpangilio uleule, ila kwa haraka zaidi.

Chotara wa kwanza alikuwa na dalili zote za kukoma, na miguu yake ilikuwa imerudia njano kamili. Huyu hakukoma wiki tano zilizopita. Alikoma miezi mingi kabla, na hakuna aliyetambua kwa sababu wenzake walikuwa wakiijaza nafasi yake katika daftari. Kifua kilikuwa na nyama ya kutosha, macho angavu, manyoya yakimeta. Alikuwa mzima kabisa, isipokuwa hatagi.

Chotara wa pili alikuwa na upanga uliopauka na tumbo lililojaa, gumu kwa kuguswa upande mmoja, huku mfupa wa kifua ukichomoza kwa kukonda. Hapo uchunguzi wa mikononi hufikia kikomo, na daktari wa mifugo anahitajika. Wa tatu alikuwa na nyonga pana na njia yenye unyevu, yaani alikuwa akitaga. Lakini mayai yake hayakuonekana. Kutazamwa mchana kulitoa jibu: alitaga yai lenye gamba laini, likapasuka chini yake, naye pamoja na wenzake wakalila lote na kuacha unyevu tu kwenye majani ya kiota.

Kwa upande wa kienyeji, mweusi na wa madoadoa walikuwa wakinyonyoka manyoya. Shingo zilikuwa karibu wazi, na vishina vipya vya manyoya vilikuwa vimejaa mwilini. Kuku aliye katika hali hiyo kwa kawaida huacha kutaga kwa wiki 8 hadi 12, kwa sababu unyoya ni protini kwa zaidi ya asilimia 80 na mwili hauwezi kugharamia manyoya na mayai kwa pamoja. Mahali ambapo mchana hubadilika sana kwa misimu, jambo hili hutokea mchana unapofupika. Karibu na ikweta hutokea kwa kutawanyika zaidi. Kuku katika mwaka wake wa kwanza wa utagaji mara nyingi hupita msimu huo bila kusimama, na pengine ndiyo sababu familia nyingi hushtuka mwaka unaofuata. Mweupe alikuwa akiatamia kiota kitupu katika kona yenye giza, akivimbisha manyoya na kulalamika kila mkono ulipomkaribia. Wa kijivu alikuwa na ishara zote za utagaji, na asubuhi alipofuatwa alionekana akiingia nyuma ya rundo la mbao, ambako mayai tisa yalikuwa yamelala. Mwenye kishungi ndiye aliyekuwa akitaga lile yai moja la kiotani.

Picha ikawa hivi: kati ya kuku wanane, wawili tu ndio waliokuwa wamekoma, na mmoja kati yao alikuwa mgonjwa. Watatu walikuwa katika mapumziko ambayo yana mwisho. Watatu walikuwa wakitaga wakati huohuo, mmoja kiotani, mmoja mafichoni, na mmoja mayai yasiyofika mkononi mwa mtu. Shutuma ya uzee kwa kundi zima haikuwa na msingi, na ningependa mfugaji yeyote aliye na kisu mkononi apitie kwanza hatua hii ya kushika kuku mmoja mmoja.

Suala la chakula

Gunia jipya lilikuwa chakula kilekile cha kuku wa mayai na halikuwa na kasoro. Ila wakati ule ule, kwa kuwa mayai yalikuwa yanapungua, familia iliona haina haja ya kutoa chakula kingi, ikaanza kukichanganya nusu kwa nusu na mahindi yaliyoparazwa. Chakula cha kuku wanaotaga huwa na protini ya asilimia 16 hadi 18 na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4 hivi. Mahindi yana protini ya asilimia 8 au 9, na kalsiamu yake ni ndogo mno kiasi cha kutohesabika. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu uliwaacha wenye kutaga na nusu ya kalsiamu waliyoihitaji, na wenye kuotesha manyoya na upungufu wa protini. Chotara wa tatu, ambaye kwa umri wake tayari alikuwa na mayai makubwa yenye gamba jembamba, alikuwa wa kwanza kushindwa. Chakula kilihusika kweli, basi, lakini kosa lilikuwa katika kipimo kilichopunguzwa ndani ya banda lenyewe, na nia ya kubana matumizi ilizidisha hasara iliyokuwa ikikwepwa.

Hatua zilizochukuliwa

Mahindi yaliondolewa katika chakula kikuu na kubaki kiganja kimoja cha jioni. Maganda ya konokono wa baharini yaliyopondwa yaliwekwa katika chombo chake cha pekee, na sababu ya kuyatenga ni muhimu: kuku anayetaga huyafuata mwenyewe kwa kadiri anavyohitaji, ilhali aliyekoma hupita, na hivyo figo zake hazibebeshwi kalsiamu asiyokuwa na kazi nayo. Viota viliongezewa majani na kuwekewa giza kidogo, na mayai yakaokotwa mara mbili kwa siku ili tabia ya kuyala isikomae. Ndani ya wiki mbili magamba ya chotara wa tatu yalikuwa magumu tena, ingawa hayakurudia unene wa ujana wake. Wa kijivu alifungiwa bandani hadi adhuhuri kwa siku kadhaa, akarejea kiotani.

Mweupe alipewa mayai yenye mbegu ya jogoo kutoka kwa jirani, akayaatamia siku 21. Hapa naona thamani ambayo hesabu ya mayai huificha: kuku wa kienyeji wa mwaka wa nne, hata wa sita, anaweza kuwa mlezi hodari kuliko kijana, kwa kuwa hutulia juu ya mayai na huongoza vifaranga kwa uzoefu. Vifaranga hivyo ndivyo vilivyotatua suala la baadaye la kundi hili, kwani kosa la awali la familia lilikuwa kununua kuku wote wa rika moja. Rika moja huanza pamoja, hunyonyoka pamoja na kuzeeka pamoja. Kundi linaloongezewa kuku wawili au watatu kila mwaka wa pili huwa na mayai ya wastani wakati wote, na halimfikishi mwenyewe mahali pa kuamua hatima ya kuku wote kwa siku moja. Kuku wapya wakiletwa kutoka nje, hutengwa wiki tatu au nne kwanza.

Chotara wa pili alionekana na daktari wa mifugo, ambaye alikuta maji na uvimbe tumboni na akashauri asiendelee kuteseka. Aliuawa kwa utaratibu, na hakuliwa. Kuhusu chotara wa kwanza, aliyekoma lakini mzima, familia ilikuwa na njia mbili halali. Kumchinja kuku mzima aliyekoma ni uamuzi wa kawaida wa mfugaji, na nyama yake huhitaji moto mdogo na muda mrefu. Kumweka ni uamuzi halali pia, mradi mwenye kuku ajue anachokubali. Kuku wa nyumbani wanaotunzwa na kulindwa dhidi ya wanyama wala kuku huishi miaka 5 hadi 8, na baadhi hufika 10. Chotara wa mayai wengi hawafiki huko kwa sababu ya magonjwa yaliyotajwa, ilhali kienyeji na aina ndogo ndogo za kuku hudumu zaidi. Mfano wa mbali kabisa ni Peanut, jike mdogo wa Michigan nchini Marekani, aliyetambuliwa mwaka 2023 kuwa kuku mzee kuliko wote waliokuwa hai wakati huo, akiwa na zaidi ya miaka 20. Kwa kuku wa kawaida, mwenye kumweka aliyekoma ajiandae kumlisha kwa miaka miwili, mitatu, pengine mitano, kwa zaidi kidogo au pungufu kidogo ya gramu 100 za chakula kila siku.

Familia iliamua kumweka. Mweusi na wa madoadoa walipomaliza kuota manyoya walianza tena, na miezi mitatu baada ya uchunguzi wastani ulikuwa mayai mawili kwa siku, kama makadirio yalivyoonyesha. Kila kuku sasa ana pete ya rangi yake mguuni, na daftari lina safu ya kila mmoja. Kijiti cha chotara aliyekoma kimeshushwa hadi usawa wa goti ili asiruke kwa kishindo juu ya mifupa iliyokwisha kutoa kalsiamu nyingi, kucha zake hukatwa zinaporefuka kwa kuwa hachakuri kama zamani, na kila mwezi hushikwa kifuani na tumboni, kwa sababu kukonda na kuvimba huhisika mkononi wiki nyingi kabla ya kuonekana kwa macho.